Nioshe

Jumamosi moja ya mwezi wa nane nilitoka nje na kikombe changu cha chai, nikakuta gari langu limeandikwa. Kwenye buti, juu ya vumbi la wiki tatu, palikuwa na herufi kubwa sita: NIOSHE. Herufi ya nne ilikuwa imegeuka. S ilitazama upande usio wake, kama abiria aliyeshushwa na daladala kituo kisicho chake.

Nikaangaza huku na huku. Hapakuwa na mtu ila mzee jirani yangu, ambaye tangu astaafu kazi ya bandarini hukaa barazani kwake kutwa nzima akisimamia maisha yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Naona gari lako limechoka kunyamaza."

Tunaishi Tabata, kwenye mtaa ambao lami ilifika njia panda ikageuza. Kiangazi tunakula vumbi, masika tunakanyaga tope, na katikati kuna siku chache za nafuu ambazo mimi sijawahi kuziwahi. Gari lenyewe ni IST ya mwaka 2004, jeusi tii. Mama watoto alinikanya siku ile ile tulipokwenda kulichagua. "Baba watoto, nyeusi haifichi kitu," alisema. Nikamjibu kwamba nyeusi ina heshima. Na kweli inayo, dakika kama kumi na tano hivi, tangu kitambaa kiondoke mpaka bajaji ya kwanza ipite.

Vijana wanaoosha magari pale njia panda hunitoza shilingi 7,000. Asubuhi hiyo, kwa uchungu wa kuandikwa, nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya luku: mara nne kwa mwezi ni 28,000, kwa mwaka ni 336,000. Nikahema. Ndoo ninayo, maji ninayo, mikono Mungu amenipa miwili. Kwa nini nimlipe mtu anilowanishie gari?

Nikaanza saa sita mchana. Wanaojua mambo haya wameshaanza kucheka. Nyie wengine nivumilieni.

Siku hiyo haikuwa zamu yetu ya maji ya bomba, nikachota ya kisima. Maji ya kisima chetu yana chumvi kiasi kwamba ukiyapikia chai, sukari inaingia kwenye mashindano. Sabuni haikutoa povu. Nikaongeza sabuni ya unga ya kufulia, nikaongeza tena, mpaka ndoo ikawa kama ya uji. Nikavua shati, nikakunja suruali, nikaimwaga ndoo ya kwanza juu ya paa kwa mbwembwe, maana watoto wa mtaa walikuwa wameshajipanga ukutani kutazama.

Kioo cha nyuma kilikuwa wazi. Si wazi sana, vidole vinne tu, lakini maji hayangoji kukaribishwa. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na sare ya mama watoto ya kichenpati, imetoka kwa fundi jana yake usiku, na kichenpati ilikuwa saa kumi jioni siku hiyo hiyo. Mazungumzo yaliyofuata ni siri ya ndoa, ingawa mzee wa barazani aliyasikia yote.

Niliporudi nje, gari lilikuwa limeshakauka lenyewe. Jua la saa saba halisubiri taulo. Maji yakipaa, chumvi na chokaa haviwezi kupaa nayo. Vinabaki pale pale tone lilipokuwa, na kila tone linaacha duara lake jeupe. Gari langu jeusi lilikuwa limegeuka kanga. Si kanga ya kujifunga, yule ndege.

Tena juu ya boneti kulikuwa na madoa mengine, makubwa, ambayo kisima hakihusiki nayo. Gari hulala chini ya mwembe, na mwembe ule ni gesti ya kunguru. Kunguru hawa wa Dar wenye shingo ya kijivu si wenyeji wa huku. Waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka za mji. Wazo zuri kabisa, ila hakuna aliyeuliza wakishashiba watajisaidia wapi. Jibu liko kwenye boneti yangu. Na ule weupe tunaouona kwenye kinyesi cha ndege ndio mkojo wake, kwa sababu ndege hana njia mbili. Una tindikali, na ukipikwa na jua juu ya bati la moto unaila rangi taratibu, kama mgeni asiyeaga. Dawa yake ni kuufunika kwa kitambaa chenye maji mpaka ulainike uachie wenyewe. Mimi niliingia jikoni nikachukua ile waya ya kusugulia masufuria.

Doa lilitoka. Asije mtu akasema halikutoka. Lilitoka pamoja na vyote vilivyokuwa chini yake.

Mzee akavuka njia kuja kuona kwa karibu. Akainama, akapitisha kidole juu ya mikwaruzo, akaguna kama daktari. "Hiyo ndogo, mwanangu. Paka dawa ya mswaki."

Nikapaka. Dawa ya mswaki ina chembechembe za kusugulia, ndiyo maana inasafisha meno, na kwenye gari nako inafanya kazi yake ile ile: mikwaruzo ilififia kweli, kwa kuwa nilikuwa nimeiteremsha rangi ya jirani ikalingana nayo. Nilipoona inakubali, nikapata moto. Nikaondoka na boneti, nikapita milangoni, nikaenda kumalizia hasira zote kwenye buti, pale nilipotukanwa. Tyubu ya wakubwa ilipokwisha nikachukua ya watoto, yenye ladha ya stroberi.

Hapo akapita kijana wa bodaboda, akasimama kwa huruma. "Braza, we futa na dizeli tu. Litang'aa kama limeshuka melini leo."

Nikafuta. Likang'aa! Kwa muda wa nusu saa nilikuwa na gari zuri kuliko yote Tabata, nikawaita wanangu tupige picha. Kisha upepo wa alasiri ukaamka. Dizeli ni mafuta, haina haraka ya kukauka, na kila chembe ya vumbi iliyokuwa inapita na safari zake ilishuka pale ikapanga chumba. Kufikia magharibi gari lilikuwa limeota manyoya.

Jumatatu nikalipeleka kwa fundi rangi. Akalizunguka mara mbili, mikono nyuma.

"Bosi, limegongwa?"

"Hapana."

"Liliungua?"

"Nimeliosha."

Hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Akafungua daftari lake la madeni, akashika karatasi moja kwa vidole viwili. "Rangi yote unayoiona hapa, kuanzia praima kwenye bati mpaka juu, unene wake ni kama huu." Karatasi moja! Na juu kabisa kuna tabaka lisilo na rangi, mafundi huliita kliya. Hilo ndilo linalong'aa, na ndilo linalozuia jua lisiifikie rangi, nalo ni jembamba kuliko unywele. Halioti tena. Ukilisugua kwa waya limepungua, ukilisugua kwa dawa ya mswaki limepungua, hata ukipangusa vumbi kwa kitambaa kikavu umelisugua kwa mchanga. Barabara ya mtaa wetu nimeilaani miaka mitano mfululizo, na katika miaka yote hiyo haijalifanya gari lile nilichokifanya mimi kwa Jumamosi moja, tena kwa mapenzi.

Boneti aliishughulikia, akaisugua kwa mashine na dawa zake mpaka ikarudi kuwa boneti. Buti alikataa kuigusa. "Huku umeshamaliza wewe, bosi. Nikipitisha mashine tunakutana na praima."

Kisha akanipa masharti, mengi kuliko ya mganga. Gari lioshwe kivulini, bati likiwa limepoa. Kwanza maji matupu, mengi, mchanga uondoke wenyewe bila kuguswa. Sabuni ya unga ni ya nguo. Gari lina shampuu yake. Ndoo ziwe mbili, moja ya shampuu na nyingine ya kusuuzia sponji, mchanga ubaki huko usirudi kwenye rangi. Anza na paa, shuka. Rimu ziwe za mwisho na zipewe kitambaa chao. Kitambaa kikianguka chini, kimekufa, usikipanguse kwenye suruali ukaendelea. Maji yasikaukie juu ya gari, hasa haya yetu. Na mwisho ni waksi, ambayo haizuii mkwaruzo, ila inampa kunguru kitu kingine cha kutafuna kabla hajaifikia kliya. Waksi inayosifiwa zaidi hutokana na nta ya karnauba, mti wa jamii ya minazi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazil. Majani yake hujifunika nta yasikaushwe na jua. Niliuonea wivu. Mti mzima unajua kujipaka, bila fundi wala ushauri wa bodaboda.

Nikanunua shampuu, ndoo ya pili, taulo mbili za maikrofaiba na kopo la waksi. Ukijumlisha na boneti, na dobi wa ile sare, ilifika shilingi 119,000. Ni wiki 17 za wale vijana wa njia panda. Risiti ya luku yenye hesabu yangu ya mwanzo niliichana vipande vidogo nisije nikaulizwa.

Jumamosi iliyofuata niliamka saa kumi na mbili asubuhi. Nilifuata masharti yote. Sponji iliponiponyoka ikaanguka, niliiacha pale pale kama maiti. Nilikausha, nikapaka waksi kwa miduara midogo, nikangoja ikauke iwe kama ukungu, nikaifuta. Mzee alikuwa amesogeza kiti chake mpaka ukingoni mwa baraza. Hata yeye hakuwa na la kusema.

Jua likapanda, likaligusa gari kwa nyuma. Pale kwenye buti, kwa mwandiko mwembamba mweupe kama chaki, yakajitokeza maandishi: NIOSHE. S imegeuka.

Waksi ilikuwa imeingia kwenye mikwaruzo na kukaukia humo. Yale hayakuwa maandishi ya vumbini tu; aliyeandika alikuwa ameusukuma mchanga kwa nguvu, na mchanga ukachora chini yake. Nikachukua mswaki wa zamani nikaichokoa ile waksi. Weupe ulitoka, herufi zikabaki, hazionekani mpaka jua lizipige kwa ubavu.

"Mwanangu," mzee akasema, "umelipa kila kitu, na bado linaomba tu."

Jumapili jioni binti yangu wa darasa la kwanza akaniletea daftari nisaini. Nikafungua. Ukurasa mzima wa imla, na mwalimu amezungushia wino mwekundu kila S, maana zote zilitazama upande usio wake.

"Mama," nikamwita, sauti nikiishusha, "gari la baba aliandika nani?"

"Mimi," akasema bila hofu yoyote. "Mama akikuambia kwa mdomo unasema kesho."

"Uliandika na nini?"

"Na kijiti. Nilikuwa nimeshaoga, kidole kingechafuka."

Nikatafuta kalamu muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nikasaini. Akalichukua daftari lake, akafika mlangoni, akageuka.

"Baba, ukitaka naweza kuisahihisha ile S. Mwalimu ameshanifundisha."