Madumu Manne ya Ndovu

Saiba yangu iko Voi, na kazi inayoniletea unga ni kuchapa barua za ndovu. Mnyama akitoka Tsavo usiku akamaliza mahindi ya mtu kule Sagalla, asubuhi mwenye shamba yuko mlangoni, daftari kwapani, anataka barua ya fidia. Shida ni kwamba huyu anaandika tembo, yule ndovu. Barua moja ilitaja wote wawili, ikarudi na swali: walikuwa wanyama wangapi?

Nikaamua kumaliza ubishi kwa makro. Unaiandikia Word maagizo, nayo inayafuata. Ukiipa makro jina AutoOpen na kuihifadhi kwenye kiolezo cha Normal, inajiendesha kila ufunguapo hati, bila hodi. (Kirusi cha kompyuta kiitwacho Concept kilipitia mlango huohuo mwaka 1995. Mimi nilijiona mjanja.) Yangu ilikuwa na kazi moja tu: popote penye tembo, weka ndovu.

Ijumaa akaja mzee wa Mwatate na flashi. Ndani mlikuwa na makubaliano ya mahari.

"Toa nakala sita, kijana. Usiguse kitu, wazee wameshakubaliana."

Sikugusa. Nilifungua, nikachapisha, nikapokea shilingi sitini.

Jumatatu akarudi bila salamu. Akalaza karatasi juu ya kibodi, kidole kikasimama kifungu cha tatu: upande wa mume utaleta mbuzi wawili na madumu manne ya ndovu la mnazi, lililogemwa siku hiyohiyo.

"Wakwe wanauliza," akasema taratibu, "ni ile bia ya Tanzania? Maana kama ndiyo, wanataka kreti."

"Samahani, mzee. Ni mashine."

"Si nilikwambia usiguse?"

"Sikugusa, mzee. Ilijigusa yenyewe."

Hapo ningenyamaza. Badala yake nikafuta ndovu, nikaandika tembo, nikahifadhi, nikaifunga hati. Kisha, kwa kiherehere cha fundi, nikaifungua tena aone ilivyonyooka. Mbele ya macho yake, ndovu akarudi shambani.

Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Nilikwenda kuizika ile makro huku nikihisi pumzi yake shingoni. Alipoambiwa imekwisha, akavuta kiti.

"Muda ninao. Fungua ukurasa mtupu, uandike yote upya, nikiona."

Nikaandika. Nilipofika kwenye mbuzi akanishika mkono.

"Hapo nenda polepole."