Bosi wa Chumba Kimoja

Kwetu Kanga, kaskazini mwa kisiwa cha Mafia, kupanga ni mambo ya walimu na manesi wageni. Wakifika hutafutiwa chumba kwa mzee fulani, bei inazungumzwa barazani, na mwenye nyumba ndiye anayeona haya kuitaja. Ndiyo maana sisi tukifika Dar es Salaam tunanyolewa bila maji.

Safari yenyewe inachosha: gari hadi Kilindoni, boti hadi Nyamisati, basi hadi Mbagala Rangi Tatu. Unashuka na kiroba cha nazi, chumvi ya bahari bado iko usoni, unasikia mtu anakuita bosi. Huyo ndiye dalali. Kwanza umpe pesa ya kuoneshwa chumba, ukipende usikipende. Nikamuuliza kama kina dirisha. "Kubwa, bosi wangu!" Kweli lilikuwa kubwa. Nilipolifungua nikakutana na ukuta wa jirani, ningeweza kuupiga chokaa bila kutoka ndani.

Halafu kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na ya mwezi mmoja ya dalali juu yake. Hapo hujalala hata usiku mmoja. Ilikuwapo sheria ya kudhibiti kodi za pango, ikafutwa mwaka 2005. Sasa umebaki wewe, baba mwenye nyumba na Mungu.

Tulizungushwa pamoja na mwanafunzi wa chuo kutoka Komoro. Yeye alitajiwa bei kwa dola. Kijana hakubabaika: akasema kanuni za Machi 2025 zimekataza bei za humu nchini kutajwa kwa fedha za kigeni. Dalali hakubisha. Akatoa simu, akapiga hesabu, dola zikageuka shilingi, tena zikaongezeka njiani. Kisha akanigeukia mimi na lafudhi yangu.

"Na wewe Mpemba?"

"Natoka Mafia."

"Huko mnatumia pesa gani?"

Nikakipata chumba, nikaipata na LUKU. Mita moja, wapangaji nyumba nzima, na mama mwenye nyumba anayepita koridoni usiku akinusa nani anapiga pasi. Mwenye friji anasema friji lake halili umeme; sijui basi linakula nini. Na tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye LUKU. Jengo si langu, lakini nikinunua umeme nalilipia. Nikamfuata baba mwenye nyumba, shikamoo ya heshima kabisa, nikamweleza kwamba kodi hiyo ni ya mwenye jengo.

"Kwani taa anawasha nani, mwanangu?"

Nikaona nisitoke mikono mitupu, nikamkumbusha bomba la uani linalovuja tangu nihamie. Akasema fundi ni ghali na mwaka huu mambo yamembana. Jioni akabisha hodi mwenyewe, uso umechangamka, bahasha mkononi. Nikajua ni risiti ya kodi yangu, ile ninayoahidiwa kila siku. Ilikuwa kadi ya mchango wa harusi ya binti yake. Ameniandikia dabo, na mimi sina mke.

"Utampata tu," akasema, "ila hela iwahi kabla ya tarehe tano."