Nasaha kwa Wenye Redio Kongwe, na kwa Majirani Wanaowavumilia

Barua nilizoletewa mwezi huu zimenishangaza, si kwa wingi wake, bali kwa kuwa nne kati yake zimetoka Kimbo, upande ule wa Ruiru, kwa waandishi wanne wasiotajana majina, ilhali barua zao zikisomwa pamoja zaeleza waya mmoja, paa moja, na sauti moja ya mwanamume anayewaita watu wasioonekana kabla ya jua kuchomoza. Si murua mshauri kuwa mdaku, wala sitasema kuwa waandishi hawa hukaa ploti moja na kuteka maji katika tangi moja. Nitamjibu kila mtu kwa zamu yake, na atakayeitambua barua ya jirani yake namwachia amana ya kunyamaza.

*Bwana Mshauri, nimenunua redio ya mawasiliano, Yaesu FT-101E, kwa mgeni aliyekuwa akiuza vyombo vya nyumbani ili arudi kwao Marekani. Ndani ina valvu tatu, sehemu nyingine zote ni za transista. Fundi wa simu hapa steji ameniambia niichomeke tu nione. Je, niichomeke? — Mwenye Hamu*

Bwana Mwenye Hamu, usiichomeke. Fundi huyo yamkini ni hodari wa vioo vya simu, na siku kioo cha simu yako kikivunjika umpelekee yeye bila ya wasiwasi. Lakini mtambo uliozoea umeme wa Marekani, ambao ni wa volti zipatazo 117, ukitiwa ghafla katika soketi ya Kimbo yenye volti 240, hautakuonyesha kitu ila moshi, na moshi wa transfoma ya Kijapani ya miaka ya 1970 ni moshi wa gharama. Waliouunda walikuwa watu wa insafu, kwani walijua kuwa utasafiri. Transfoma yake ina vituo vya kuunganishia nyaya kwa volti 100, 110, 117, 200, 220 na 234, na kazi yako ya kwanza, au ya fundi ajuaye kulehemu na kusoma mchoro, ni kuzihamishia nyaya kwenye 234, kisha kuitoa fyuzi ya ampea 5 na kutia ya ampea 3.

Hapo usidhani umemaliza. Mtambo uliolala kabatini miaka mingi huwa na kapasita zilizodhoofika, na kapasita iliyodhoofika ikipigwa na umeme wote kwa mara moja aghalabu hupasuka. Dawa yake ni ya kale na haina ufundi mkubwa: chukua balbu ya nyuzi, ya wati 60 hivi, uiunganishe mfululizo na mmoja wa nyaya za umeme, uzime swichi iliyo usoni mwa mtambo ya kupashia valvu moto, ndipo uwashe. Balbu ikimulika kidogo kisha ikafifia, keti usubiri kwa uradhi. Ikiwaka kwa nguvu na kudumu kuwaka, chomoa, kwa maana ndani mna vitu vinavyogusana ambavyo havikuumbwa vigusane. Balbu yenyewe siku hizi ni adimu, na ukiiulizia Luthuli Avenue, Nairobi, wauzaji watakuletea ya LED na kukuapia kuwa ndiyo bora zaidi. Kwa nuru wasema kweli. Kwa kazi hii haifai kabisa.

Nakuusia pia hadhari ya roho yako, maana katika valvu mbili kubwa kati ya zile tatu hufika volti zipatazo 600, na volti hizo haziondoki pale unapozima, bali hubaki katika kapasita zikingoja mkono wa mwenye haraka. Chomoa, ngoja, ziondoe kwa waya wenye rezista uliofungwa katika mpini usiopitisha umeme, na mkono wako wa kushoto uutie mfukoni muda wote, ili umeme usipate njia ya kukupitia kifuani. Nimepata kuletewa mtambo ambao katika chumba cha valvu mlikuwa na mjusi kafiri, aliyeufuata ujoto usiku akaweka mguu mmoja hapa na mwingine pale. Alikuwa amekauka vizuri, na valvu zilikuwa nzima. Panguza na feni ya nyuma, kwa sababu vumbi la Kimbo la mwezi wa Januari haliombi ruhusa ya kuingia.

Ama valvu zenyewe, zile mbili za 6JS6C hazikubuniwa kwa ajili ya mazungumzo ya mbali. Ni valvu za televisheni za zamani, zilizokuwa zikiendesha mionzi katika skrini kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, na kwa kuwa televisheni hizo zimekwisha tupwa ulimwengu mzima, valvu zake zimekuwa adimu na ghali. Kwa hiyo zipe dakika nzima zipate moto kabla ya kuzitaka zifanye kazi. Mwenye redio ya siku hizi hubonyeza kitufe akaanza kusema; wewe huna budi kuzungusha vifundo vitatu, jicho likiwa kwenye sindano ya mita, mpaka sindano ishuke hadi mwisho wa kushuka kwake, kisha uongeze mzigo, kisha uishushe tena, na haya yote usiyafanye kwa zaidi ya sekunde 10 kwa mkupuo mmoja, kwani bamba lililo ndani ya valvu likianza kuwa jekundu umekwisha chelewa. Ukihama kutoka masafa ya mita 40 kwenda ya mita 20, waanza upya. Mimi naona ladha ya mtambo huu imo humo, katika kulazimika kutulia na kusikiliza kabla ya kufungua kinywa, na yule anayeona ni usumbufu namshauri auuze mapema, kabla hajaua valvu.

Na kurusha sauti ni haramu kwako mpaka Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ikupe leseni ya redio ya ridhaa pamoja na alama ya kuitia inayoanza na 5Z4. Waliotangulia kabla ya uhuru walianza na VQ4, Tanganyika ikiwa VQ3, Uganda VQ5 na Zanzibar VQ1, na kadi za posta zenye alama hizo, ambazo jamaa wa redio ya ridhaa hupelekeana ili kuthibitisha kuwa walisikilizana, sasa ni tunu kwa wakusanyaji. Wewe usitamani tunu, tamani leseni.

*Mshauri wetu, mume wangu huamka saa kumi na moja alfajiri, akaketi gizani mbele ya redio, akasema kwa sauti laini ambayo sijaisikia tangu mwaka tuliooana. Juzi nilimsikia akimwambia mtu, "Wewe ni tano na tisa." Mimi hajanipa namba yoyote. Nina haki ya kuona wivu? — Mama Wawili*

Bibi yangu, wivu ni haki ya kila aliyeoa na aliyeolewa, lakini hapa hauna pa kushika. Tano ni kipimo cha maneno kueleweka, nayo ndiyo alama ya juu kabisa. Tisa ni kipimo cha nguvu ya sauti. Na jamaa hawa, kwa ukarimu wa kupita kiasi, humpa kila mtu tano na tisa, hata yule ambaye papo hapo wanamwomba arudie jina lake mara tatu kwa kuwa hawakulisikia. Kadhalika, kanuni za redio ya ridhaa duniani kote haziruhusu mafumbo ya kuficha maana wala mazungumzo ya biashara, hata mumeo hana idhini ya kuagiza gunia la unga kwa mtambo ule. Yaliyosalia ni hali ya hewa, urefu wa waya, na umri wa valvu. Ukiketi karibu naye robo saa utasikia kila kitu, na nina yakini kuwa hutarudi siku ya pili.

Saa ile ya alfajiri nayo hakuichagua kwa siri. Mchana, jua huliamsha tabaka la chini la anga ambalo huyameza mawimbi ya mita 40. Usiku tabaka hilo hutoweka. Na kabla tu ya mapambazuko, wakati giza lingali limetanda kati yake na yule anayemwita, mawimbi huruka juu na kurudi ardhini mbali sana, ikawa Mtaliano anasikika Kimbo vizuri kuliko mtangazaji wa Nairobi. Wake wa wenzake walioko Ulaya wana nafuu, kwa sababu huko mapambazuko huhama na majira, mara mapema mara kuchelewa, na mume hupoteza hesabu. Wewe umeolewa nyuzi moja hivi kusini mwa ikweta, mahali ambapo jua hutoka kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima bila ya kubadilika sana, nawe utaamshwa mwaka mzima. Mtake avae spika za masikioni. Mtake, anaposikiliza tu bila ya kusema, aizime ile swichi ya valvu, kwani mtambo hupokea vizuri bila ya hizo na chumba hakitapata joto la tanuri. Na mtake akupe taarifa yako kila asubuhi kabla ya kumpa Mtaliano, na isipungue tano na tisa.

*Mshauri, mpangaji wangu ametandaza waya juu ya paa, kutoka kwenye tangi hadi ukuta wa nyuma. Wapangaji wanasema unavuta stima, ndiyo maana tokeni zinaisha upesi, na mmoja ameanika nguo juu yake. Niukate? — Mwenye Ploti*

La, mheshimiwa, usiukate, upime. Waya ule hauvuti stima ya mtu. Mtambo wenyewe ukiwa unasema hula kiasi cha wati 300, nao husema kitambo kidogo tu, ilhali pasi ya umeme hupita wati 1000 na kukaa saa nzima juu ya sare za shule. Wenye malalamiko watazame pasi zao.

Ama urefu, hesabu yake ni hii: gawanya 143 kwa masafa ya megahezi, nawe utapata mita za waya. Kwa mita 40, yaani megahezi 7.1, ni mita 20 na kidogo. Na kwa kuwa ploti yako, kama zilivyo nyingi zilizokatwa katika mashamba ya mikahawa ya Ruiru, ni ya futi 50 kwa 100, yaani mita 15 kwa 30, waya huo huketi kwa raha upande mrefu na tangi likabaki mahali pake. Bali akija kukuomba waya wa mita 80 mkatalie, maana huo unataka mita 40, na ploti yako hata ukiipima kona kwa kona haifiki mita 35. Mtu huyo anaitamani ploti ya jirani.

Nguo ziondolewe leo. Ncha za waya ule ndipo palipo na volti nyingi kuliko mahali pengine popote mtambo unaporusha, na mwenye kuanua shati bichi wakati jirani anamwita Mtaliano atapata kidonda cha moto kisichoeleweka hospitalini. Waya ukae mbali na nyaya za Kenya Power, umbali ambao hata ukikatika usizifikie, na tangu Machi hadi Mei, mvua za masika zinapokuja na radi, mpangaji wako auchomoe kila wingu linapojikusanya. Yaandike haya katika mkataba wa nyumba, atie sahihi, na kodi ipande kidogo ukipenda. Mwenye mapenzi ya namna hii hulipa.

*Mshauri, Jumapili nikiwa nasikiliza mahubiri, sabufa yangu hukatiza na kutoa maneno yasiyo ya lugha yoyote, kama bata anayehutubia. Redio sina, ni sabufa tu. Nimemwita mchungaji, naye anasema huenda ni kunena kwa lugha. Je, naweza kumjibu? — Mwenye Sabufa*

Ndugu yangu, kwa heshima zote kwa mchungaji, huyo ni jirani yako, naye anasema Kiingereza cha kawaida. Mtambo wake haurushi sauti nzima. Hurusha ubavu mmoja tu wa sauti na kuliacha lile wimbi kuu la kuibebea, ili nguvu isipotee bure, na mpokeaji wa upande wa pili hulirudisha wimbi hilo ndani ya redio yake ndipo maneno yakanyooka. Sabufa yako haijafundishwa kazi hiyo. Nyaya zako za spika, ulizozitambaza ukutani kutoka kona hadi kona, zimekuwa antena bila ya ridhaa yako, nazo huokota ubavu ule na kuutoa ulivyo. Zifupishe, kisha uzizungushe mara kadhaa katika pete ya feraiti karibu na sabufa. Aghalabu yatosha, na pete anunue yeye, ndiyo insafu.

Lakini insafu ina pande mbili. Chaja zako za bei rahisi na balbu zako za LED humvumia yeye katika masikio tangu magharibi hadi usiku wa manane, naye hajamwita mchungaji. Chomoa zile zisizo na simu.

Kumjibu huwezi, kwani sabufa hairushi, na hata ingerusha huna leseni. Na ikiwa mchungaji amekwisha shuka kwenye matatu, asirudi bure: amwombee fundi wa mageti wa hapo chini, ambaye mashine yake ya kuchomelea vyuma huifunika mita 40 yote tangu saa mbili asubuhi hadi jioni, na ambaye, miongoni mwa watu wote wa ploti ile, ndiye pekee ambaye hajaniletea barua.