Elfu Thelathini za Amani

Sheria ya Tanzania inakupa hiari, tena kwa heshima zote: ukiona umeonewa na trafiki, kataa kosa, twende mahakamani. Anayekubali hulipa faini yake ya elfu 30 kwa simu. Namba ya malipo anapewa hata injini haijapoa. Anayekataa, basi huyo ana nafasi maishani.

Dereva wa barabara ya Chalinze anaijua hesabu yenyewe. Tochi imesoma 54, kibao kinasema 50, na kibao chenyewe kimejibanza nyuma ya mkorosho kama mdaiwa wa mwisho wa mwezi. Kulithibitisha hilo kunataka kurudi huko huko: mafuta, chakula, siku ya kazi, kisha kesi iahirishwe kwa kuwa shahidi yuko barabarani anapiga tochi. Haya, tuseme umeshinda. Umeokoa elfu 30 kwa laki!

Ndiyo maana aliyeapa mbele ya abiria wote, "Hii naifikisha hadi Mahakama ya Rufani," dakika tano baadaye anainama dirishani kwa upole:

"Afande, hii namba naisoma vizuri? Hapa ni sifuri au nane?"

"Nane, mzee wangu. Safari njema."