Sabufa Kwanza, Maboya Baadaye

Hongera, tajiri wa boti pale Ikola. Ile redio ya kaseti iliyotafuna mkanda kila wimbi likipiga umeistaafisha, ukaweka mashine ya flashi, memori kadi na Bluetooth, inayowaka taa kuliko baa za Mpanda mwisho wa mwezi. Umechagua vyema. Muziki wa mtandaoni ungekuangusha: ukishaiacha Karema nyuma mtandao nao unakuacha, na Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 hivi, halina mnara katikati. Flashi haidai bando.

Bluetooth nayo haina siri. Simu iliyounganishwa ikipigiwa, boti nzima humsikia baba mkwe akidai ng'ombe wake waliosalia, tena kwa besi nzito.

Ila nina swali dogo, tajiri. Sabufa umeifunika nailoni isirushiwe maji. Betri umeitengenezea sanduku lake. Abiria je? Maboya ni machache kuliko spika, na hayo machache yamefungwa kamba juu ya chumba cha nahodha, mafundo ambayo hata aliyeyafunga hayawezi.

Hata meli ya Liemba, ya ziwa hilihili, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa 1924, na baadaye ikarudi kazini. Hiyo ni meli ya chuma iliyofuatwa na serikali. Boti yako ya mbao nani ataifuata, na sabufa yake?

Basi kabla hujaongeza spika ya nne, nunua maboya, kila kichwa na lake. Muziki tutaimba wenyewe.