Koti Lililorudi Kwao

Mjomba, na Mama atakayesomewa huko Busia,

Lengo la barua hii ni kuieleza ile picha niliyoiweka kwenye kundi la familia, ambayo nasikia imezua maneno pande zote mbili za mpaka. Yule mtu aliyevaa koti nyuma mbele, kasimama gizani chini ya tufe la chuma, masharubu yameota barafu, ni mimi. Sijafukuzwa kazi, sijaokoka upya, wala sijakosana na polisi wa huku. Nilikuwa nachangisha pesa. Weka mrija chini kidogo, Mjomba, chungu cha pombe ya ajon hakihami. Wewe uliyeendesha trela maisha yako yote ndiye pekee katika ukoo wetu unayeweza kunihukumu kwa haki.

Harambee tunaijua. Unaletewa kadi, unaitwa mbele, spika inapiga mluzi, mchungaji anataja jina lako na kiasi ulichotoa, na ukitoa kidogo anakitaja mara mbili. Kwetu aibu ndiyo inayokamua pesa. Huku Uswidi wanakamua kwa mateso. Mtu anatangaza kazini kwamba atakimbia kilomita 42, au ataingia ziwani katikati ya barafu na chupi tu, na wenzake wamchangie kwa ajili ya watoto wanaougua saratani. Nao wanachanga, tena vizuri! Lakini ni sharti ateseke kweli, na picha zionekane. Akisema, “Toeni tu, watoto wale wale ni wagonjwa vile vile, mimi nitabaki sebuleni,” watamtazama kana kwamba anataka kuwaibia.

Kati ya mateso yote wanayoyauza, la bei ya juu ni kuendesha gari bovu kwenda mbali wakati wa baridi. Ipo safari moja maarufu inayoanzia Hamburg, Ujerumani, inazunguka Bahari ya Baltiki na kupanda hadi Nordkapp, kaskazini ya mbali ya Norwe, kilomita kama 7,500. Gari liwe na umri wa miaka 20 au zaidi. Barabara kuu za mwendo kasi ni marufuku, na simu isikuonyeshe njia, utumie ramani ya karatasi. Soma tena hapo, Mjomba. Kenya haikubali kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Uganda iliweka mwisho wa miaka 15 mwaka 2018. Mkweche ambao pale bandarini Mombasa ungerudishwa melini, huku unatafutwa kwa tochi ili uende ukafanye mema.

Sisi hatukwenda na wale wa Hamburg. Tulikuwa na kijisafara chetu, magari machache kutoka Umeå ninakoishi, na katika gari letu tulikuwa watatu: mwenye gari, ambaye ni mzee mstaafu wa posta, nesi mmoja wa Kifini, na mimi, niliyechukuliwa kwa sababu niliwahi kusema kazini kwamba nimekulia katikati ya malori. Wakadhani najua kuyatengeneza. Kutoka Umeå hadi Nordkapp ni kama kilomita 1,200, yaani ile Mombasa hadi Kampala yako, ila bila Mtito Andei na bila mtu wa kukuuzia mua.

Sasa koti. Mama anakumbuka siku ninaondoka, kaka alivua koti lake la boda akanivika palepale stendi. Lile koti ni la mitumba. Makoti ya theluji yanajaa kwenye marobota mwaka hadi mwaka, na mgeni angejiuliza nani atayanunua katika mji ambao haujafika hata digrii moja kutoka ikweta. Wanunuzi ni vijana wa boda. Alfajiri, abiria nyuma na kreti ya samaki wa Port Victoria mbele, upepo wa barabara ya Bumala hukata kifua, basi wanalivaa nyuma mbele, zipu mgongoni, kifua kimezibwa. Nami hivyo ndivyo nilivyolivaa. Wenzangu walicheka kuanzia Umeå hadi Rovaniemi. Kaskazini ya Rovaniemi kile kipasha joto cha gari kikaanza kupuliza hewa ya kaburi, na dirisha la dereva likagoma kufunga hadi mwisho. Tulipofika Ivalo, mzee wa posta alikuwa amevaa lake nyuma mbele, na nesi ndiye aliyemfunga zipu. Nilinyamaza tu, Mjomba. Unanijua ninavyonyamaza.

Ndani ya kola ya koti hilo kuna jina limeandikwa kwa wino, lina ile herufi yao ya o iliyokatwa mstari. Kule Karasjok mama mmoja aliyetuuzia kahawa alilisoma, akasema hilo ni jina la Kinorwe kabisa, akaniuliza koti nimelinunua mji gani. Nikamwambia Busia. Akauliza Busia iko upande gani wa Oslo. Nikamjibu kwamba ni kusini, aendelee tu.

Lakini nimeruka mpaka, na najua wewe mpaka ndio unaousubiri. Njiani kuna miji miwili iliyobanana, Haparanda upande wa Uswidi na Tornio upande wa Finlandi. (Ndiyo, Tornio. Na mimi nilikisoma kibao mara ya pili.) Zamani palikuwa nchi moja, hadi Uswidi iliposhindwa vita na kuiachia Urusi Finlandi mwaka 1809, wakachora mstari katikati ya watu na binamu zao. Nikawasimulia yetu: jinsi hadi mwaka 1902 Busia yote na kuendelea mashariki ilikuwa Uganda, kisha Waingereza wakaihamisha mezani, na ndiyo maana dada yako ni Mkenya na wewe ni Mganda na mlinyonya ziwa moja. Nesi akasema bibi yake angekuelewa sana.

Nikatoa pasipoti. Nikaishika mkononi kwa adabu, uso wa kikazi, jibu la “unakwenda wapi na kwa nini” nimeliandaa kwa lugha tatu. Gari halikusimama! Pasipoti ikabaki mkononi, na kabla sijauliza kituo kiko wapi, tayari tulikuwa Finlandi, tukitafuta petroli. Hakuna kizuizi, hakuna wakala wa forodha anayekimbia na karatasi zako, hakuna wale wazee wetu wa baiskeli za magurudumu matatu waliovusha bidhaa miaka na mikaka bila kuguswa na mtu wa ushuru. Nilijisikia mpweke. Kwetu, hata baada ya marais wawili kuja kufungua kile kituo cha pamoja cha Busia Februari 2018, mtu akivuka anajua kwamba amevuka.

Wana jambo moja tu ambalo ningewaonea wivu. Tornio iko mbele ya Haparanda kwa saa moja, kwa hiyo mwaka mpya wanausherehekea mara mbili kwa usiku mmoja. Upo uwanja wa gofu uliokalia mpaka, unapiga mpira leo unatua saa moja baadaye, au kabla, kutegemea ulisimama upande gani. Hebu waza Busia na saa moja ya tofauti! Baa zikifunga upande mmoja, watu wanavuka mpaka na kiu yao. Na dereva aliyechelewa kufika Malaba anamwambia bosi wake kwa unyoofu kabisa kwamba amewahi.

Baridi ya Lapland, eneo la kaskazini la huku, siwezi kukueleza, nitakupa habari chache tu. Ukivuta pumzi, nywele za pua zinashikana. Maji ya moto ukiyamwaga juu hayarudi chini, yanaondoka na upepo yakiwa moshi. Magari usiku yanachomekwa waya wa umeme ili injini ipashwe, yamepangwa ukutani kama simu kwenye kibanda cha kuchaji pale soko la Malaba. Chapati alizonifundisha Mama niliziweka nyuma, na asubuhi tuliigonga moja ukingoni mwa gari ikalia. Omena nilibeba pia. Hazikuganda kwa kuwa tangu mwanzo hazina maji, na humo garini zilitoa harufu ya nyumbani hadi mzee akauliza kwa upole kama kuna kitu kimefia chini ya kiti.

Barabarani wanatembea kulungu wa huko, makundi makundi, hawana haraka na hawaogopi honi. Usidhani ni wanyama pori. Kila mmoja ana mwenyewe na ana alama sikioni, na ukimgonga unapiga simu polisi. Nikamwuliza nesi mfugaji mmoja anaweza kuwa nao wangapi, akanikemea: Msami, mwenyeji wa huko, haulizwi idadi ya kulungu wake. Nikafurahi kwelikweli. Kumbe Wateso wenzetu wametawanyika dunia yote.

Kuhusu giza, sisi saa tunaihesabu tangu jua linapochomoza. Nordkapp jua linazama karibu Novemba 20 na halionekani tena hadi Januari 22 au hapo karibu. Tulifika katikati ya Januari, mchana, na pakawa na mwanga wa buluu wa saa chache, mtu anaona njia lakini haoni kivuli chake. Kwa hesabu yetu ilikuwa saa elfu moja na mia tatu ya usiku. Mama alipopiga simu kuuliza kama nimeamka, sikujua la kusema.

Kabla ya kufika kuna njia ya chini ya bahari, karibu kilomita saba, inateremka mita 212 chini ya maji. Ungeipenda: mteremko wa gia ya pili kushuka na maombi kupanda. Baada yake unafika njia panda ya Skarsvåg, na hapo, Mjomba, nilikaribia kulia kwa furaha, kwa sababu palikuwa na foleni. Kile kipande cha mwisho, kama kilomita 13, wakati wa baridi huendi mwenyewe. Unasubiri kwenye kizuizi hadi saa iliyopangwa, gari la kusukuma theluji linatangulia, nanyi mnafuatana nyuma yake, na upepo ukizidi hamwendi kabisa. Wenzangu walinung'unika baada ya dakika kumi. Nikawaambia habari za Malaba, Januari 2022, vipimo vya korona vilipofanya malori yapange mstari wa makumi ya kilomita, madereva wakalala humo siku baada ya siku. Wakaniuliza waliishije. Niliwaambia kuhusu akina mama wa chai, mayai ya kuchemsha na kachumbari, vijana wa maji ya kunawa, kinyozi aliyehama na kiti chake. Pale Skarsvåg watu walikaa kila mmoja ndani ya gari lake, madirisha yamefungwa, wakitazamana. Foleni nzima na hakuna hata yai! Ningekuwa na jiko la makaa ningelipia safari yote.

Nordkapp yenyewe ni jabali la mita 307 kutoka baharini, na juu yake kuna lile tufe la chuma mliloliona, limesimama pale tangu 1978. Mbele yako ni bahari nyeusi. Watu wanafika, wanapiga picha, wanakimbilia supu. Mimi nilizunguka kidogo, nikakuta mahali pana maduara saba makubwa yamesimama wima. Kumbe mwaka 1988 waliwaleta watoto saba kutoka nchi saba, kila mmoja akafinyanga udongo alivyotaka, na mwaka uliofuata kazi zao zikatengenezwa kuwa mnara, na tangu hapo hutolewa tuzo kila mwaka kwa kazi ya kusaidia watoto. Mmoja wa wale watoto alitoka Tanzania. Kwa hiyo ile heshima niliyokuwa najipa tangu Umeå, ya kuwa mtu wa kwanza wa kwetu kufika huko juu, ilinyang'anywa na mtoto wa shule, tena miaka mingi iliyopita. Nilikung'uta theluji nisijue la mwenzetu ni lipi kati ya saba, nikasalimia yote.

Pesa zilipatikana, kuliko tulivyotarajia, na sababu ni kile kipasha joto. Kila nesi alipotuma picha yetu tumevaa makoti nyuma mbele na barafu ndani ya kioo, michango ilipanda. Siku gari lilipokwenda vizuri, hakuna aliyetoa hata krona.

Na hapa ndipo ninapokuja kwenye paa la kanisa, ambalo kadi yake imenifikia mara tatu. Matajiri wa Kenya siri hii wanaijua tangu 1989: Rhino Charge yao, magari yanaruka makorongo, pesa zinaingia, na uzio wa Aberdare wa kilomita kama 400 ukakamilika mwaka 2009. Sisi tumekuwa tukiteseka bure. Niliwaeleza wenzangu kwamba na sisi tuna kaskazini yetu: unatoka Busia, Bungoma, Kitale, unashuka Lodwar kwenye joto la nyuzi 35 na zaidi, unaendelea Kakuma hadi Lokichoggio. Mzee wa posta alinyoosha mgongo. Akauliza kama gari lingekuwa na kiyoyozi, nikamwambia lingekuwa na milango, labda. Macho yakamng'aa. Tayari ameahidi krona kwa kila kilomita, na nesi naye, na ofisi nzima inauliza lini.

Bahati mbaya sehemu kubwa ya barabara hiyo siku hizi ina lami, lakini naamini ukiuliza wenzako wa zamani hamtakosa njia ya mchepuko. Gari tumia ile pikapu ya baba mdogo iliyo nyuma ya choo. Naomba sana, na mwambie kaka pia maana namjua, msiitengeneze. Betri tu. Ule mlango uliofungwa kwa kamba ubaki hivyo hivyo, na wale kuku wanaolala humo watolewe baada ya kupigwa picha.