Kila Mtu na Lake, Isipokuwa Chenji

Wapo wasomi wa kijiweni wanaokuhakikishia, kashata mdomoni, kwamba jema na baya ni mtazamo wa mtu tu. Shahidi wao ni Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale. Anasimulia kwamba Mfalme Darius wa Uajemi aliwauliza Wagiriki wangetaka malipo gani ili wale maiti za baba zao, wakakataa katakata. Akawauliza Wahindi wa kabila la Callatiae, waliozoea kuwala wazazi wao waliofariki, wangetaka nini ili wawachome moto badala yake. Wakapiga yowe akome. Basi, wanahitimisha wasomi wetu, kila mtu na lake.

Haya. Ila pande zote mbili zilikuwa zinagombea heshima ya marehemu. Hakuna aliyesema mzee atupwe jalalani.

Hata wataalamu wa tamaduni walibadili msimamo. Mwaka 1947 chama cha wanaanthropolojia wa Marekani kiliuonya Umoja wa Mataifa usipime dunia nzima kwa kipimo cha Magharibi. Mwaka 1999 kikatoa tamko la kuunga mkono haki za binadamu. Miaka 52 ya kutafakari, si haba.

Sasa mpandishe msomi wetu daladala. Konda akikausha na chenji yake ya mia tano, hutamsikia akisema “kwa mtazamo wangu.” Anasema “huo ni wizi!”, tena anageuka kutafuta mashahidi siti ya nyuma. Konda anamtazama kwa upole.

“Mzee, ruti hii ndiyo utamaduni wetu. Shuka na maoni yako.”